Utafiti wa mafuta ya mimea ulipiwe kabla mkulima hajapanda

Bei ya dizeli inapopanda, anayeumia kwanza si mwenye lori. Mwenye lori hupiga hesabu zake, akaongeza nauli ya gunia, safari ikaendelea. Anayebaki na maumivu ni mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, ambaye dalali humwambia kuwa bei ya shambani imeshuka kwa sababu usafiri umepanda, pamoja na mama wa sokoni Dar es Salaam asiyeweza kumpandishia mteja bei kwa kiasi hicho hicho. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, lita moja ya petroli nchini Tanzania ilivuka shilingi 3,000, na kuanzia Juni mwaka huo serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Ruzuku hiyo ilisaidia, lakini yote iliishia kwenye ekzosi.

Kwa hiyo hakuna mkulima wala mfanyabiashara mdogo anayehitaji kuhubiriwa kuwa nchi itafute nishati nyingine ya kuendeshea magari. Jambo hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye bili: nani alipie kazi ya kujua ni nishati ipi inafaa, inatoka kwenye zao gani, katika udongo upi na kwa injini ya aina gani? Ukanda huu wa Afrika Mashariki ulishawahi kulijibu swali hilo kwa vitendo, na jibu lilikuwa baya. Aliyelipa ni mkulima. Alilipa kwa ekari yake na miaka yake, bila kuambiwa kwamba yuko katikati ya majaribio.

Zao lenyewe lilikuwa mbono kaburi. Wazee wanaufahamu mti huu tangu zamani, kwani hupandwa kwenye mipaka ya mashamba na makaburini, na mbuzi hawaugusi. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na inaaminika kuwa Wareno ndio walioupitisha Cape Verde hadi ukaenea Afrika na Asia. Kati ya mwaka 2005 na 2008 mti huu wa mpakani ukageuzwa kuwa dhahabu. Bei ya mafuta ghafi duniani ilikuwa ikipaa na kufikia dola 147 kwa pipa Julai 2008. Umoja wa Ulaya nao ulikuwa umejiwekea lengo, tangu mwaka 2003, kwamba sehemu ya mafuta ya magari yake itokane na mimea. Wawekezaji wakamiminika. Semina zikafanyika. Wakulima wakaambiwa kuwa mbono hauhitaji maji, hauhitaji mbolea, haushambuliwi na wadudu na unastawi kwenye ardhi iliyochoka.

Kila moja ya kauli hizo ilikuwa na chembe ya ukweli, na hapo ndipo ulipojificha mtego. Ni kweli mbono hautakufa kwa ukame. Lakini mti kutokufa ni jambo moja na mti kuzaa ni jambo jingine, kama anavyojua yeyote aliyewahi kupanda mwembe kwenye changarawe. Mbono ulikuwa bado mmea wa porini. Hakuna aliyekuwa ameuchagua kwa vizazi kama mahindi yalivyochaguliwa, na hakukuwa na mbegu bora iliyothibitishwa. Miti miwili iliyoota bega kwa bega ingeweza kutofautiana sana kwa mavuno. Matunda yake hayaivi kwa pamoja, hivyo mchumaji hurudi shambani tena na tena. Na ulipopandwa kama shamba zima badala ya ua, wadudu walioambiwa kuwa hawapo walijitokeza.

Hesabu ya mbegu ingetosha kumtahadharisha mtu. Lita moja ya mafuta ya mbono huhitaji takriban kilo nne za mbegu, na kwa mashine ndogo huweza kufika tano. Mtu mmoja huchuma na kumenya kilo mbili au tatu kwa saa. Sasa chukua, kwa mfano tu, dizeli ya shilingi 2,000 kwa lita. Hata kama mkamuaji asingelipa umeme, usafiri wala kodi, na asingechukua faida hata senti tano, kilo moja ya mbegu isingeweza kuzidi shilingi 500. Ukitoa gharama hizo zote, kinachomfikia mkulima kwa dakika ishirini hadi thelathini za kazi ya mkono ni kidogo mno. Ufuta wa Lindi katika miaka ya karibuni umeuzwa kwa maelfu ya shilingi kwa kilo kwenye minada ya stakabadhi ghalani. Ni nani angeng'oa ufuta apande mbono, kama angeonyeshwa hesabu hizo mbili kwenye karatasi moja?

Kuna jambo la mashudu pia, ambalo mfugaji wa Singida angeliuliza kabla ya mengine yote. Anayekamua alizeti huuza mafuta, kisha mashudu yakauzwa kwa wafugaji, na mara nyingi mashudu ndiyo yanayookoa biashara. Mashudu ya mbono yana sumu. Hayalishwi ng'ombe wala kuku. Yanafaa kuwa mbolea au kuni, basi. Huko Mexico zipo aina za mbono zisizo na sumu hiyo, lakini sizo zilizoenea Afrika. Jambo kama hilo linajulikana maabara, na lilipaswa kujulikana shambani kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.

Baadhi ya watu walifanya kazi ya maana. Katika mkoa wa Arusha, akina mama walitengeneza sabuni ya mafuta ya mbono yaliyotoka kwenye miti ya ua na kupata kipato kizuri kuliko kuyauza kama mafuta ya injini. Katika vijiji vya Leguruki na Engaruka shirika la TaTEDO lilijaribu injini zinazotumia mafuta hayo kusaga nafaka na kuzalisha umeme. Majaribio hayo madogo yalifundisha mengi kwa gharama ndogo. Lakini mpango mkubwa haukuyasubiri.

Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji 11. Mwaka 2011 shughuli zilisimama, vibarua wakarudi nyumbani, na wanavijiji wakabaki wakiuliza habari za ardhi na ahadi za visima na zahanati. Kilwa, kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilipata ardhi kubwa zaidi, na mwaka 2010 ikafilisika. Miongozo ya serikali ya Tanzania kuhusu mafuta ya mimea nayo ilitoka mwaka huo huo wa 2010, yaani mwongozo ulifika wakati mgeni amekwisha kula na kuondoka.

Utafiti wa kina ulikuja, ila nao ulichelewa. Mwaka 2007 watafiti wa Wageningen nchini Uholanzi walichapisha tathmini iliyotenganisha madai na ukweli kuhusu mbono, wakaonyesha kuwa mengi yaliyokuwa yakitangazwa hayakuwa na vipimo vya shambani. Nchini Kenya, mwaka 2009, shirika la Ujerumani la GTZ likishirikiana na taasisi ya utafiti wa misitu KEFRI na kituo cha kilimo mseto ICRAF lilipita kwenye mashamba ya mamia ya wakulima waliokwisha kupanda. Jibu lilikuwa kwamba mavuno ni haba na mkulima mdogo asishauriwe kupanda mbono isipokuwa kama ua. Yaani alichokuwa akifanya babu yake. Utafiti huo wa pamoja ulikuwa wa thamani kubwa na ulifanyika ndani ya muda mfupi. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni tarehe.

Wakati huo huo kulikuwa na walioneemeka na maarifa. Tarehe 30 Desemba 2008 ndege ya Air New Zealand aina ya Boeing 747 iliruka kutoka Auckland, injini yake moja kati ya nne ikitumia mchanganyiko ambao nusu yake ilikuwa mafuta ya mbono. Mbegu zilitoka India pamoja na Malawi, Msumbiji na Tanzania. Safari ilifanikiwa na wahandisi walipata takwimu walizozitaka. Hayo yalikuwa majaribio halali ya wabia kadhaa, waliogharimia injini, marubani na vipimo. Upande wa shamba, mahali mbegu zilipozaliwa, haukuwa na mpimaji wa namna hiyo.

Mtu anaweza kusema kuwa mafuta ya mimea ni ndoto tangu mwanzo. Brazil inakataa. Nchi hiyo ilipoumizwa na bei ya mafuta ya mwaka 1973, mwaka 1975 ilianzisha mpango wa Proálcool wa kutengeneza alkoholi ya magari kutokana na miwa. Kinachosahaulika ni kwamba haikuanza na maabara tupu. Ushirika wa wazalishaji wa sukari wa Copersucar ulikuwa na kituo chake cha utafiti wa miwa huko Piracicaba tangu mwaka 1969, kikigharimiwa na wazalishaji wenyewe. Kituo cha jeshi la anga huko São José dos Campos kilifanya majaribio ya injini za alkoholi. Jimbo la São Paulo nalo lina kifungu katika katiba yake kinachotenga asilimia 1 ya mapato ya kodi kwa mfuko wa utafiti uitwao FAPESP, na mwaka 1999 mfuko huo na kituo cha Copersucar walishirikiana kuchunguza vinasaba vya muwa. Fedha za serikali, fedha za wazalishaji na akili za vyuo vikuu zilikuwa kwenye chungu kimoja.

Hata hivyo Brazil iliteleza. Mwaka 1989 alkoholi iliadimika vituoni na watu wakayachukia magari yake kwa zaidi ya miaka kumi. Utafiti ndio uliolirudisha soko. Mwaka 2003 lilitoka gari linalokubali petroli, alkoholi au mchanganyiko wowote, na dereva akawa anaamua mwenyewe pampuni kulingana na bei ya siku hiyo. Mwaka 1999 wakulima na wenye viwanda wa São Paulo walikubaliana, kupitia baraza la pamoja, namna ya kumlipa mkulima kwa kiasi cha sukari kilichomo kwenye muwa wake. Tangu Agosti 2025 petroli ya kawaida ya Brazil huchanganywa na alkoholi asilimia 30. Hii si kusema kila kitu kule ni asali. Mashamba mengi ni ya matajiri, na kwa miaka mingi aliyekata muwa kwa panga hakuonja utajiri huo.

Lakini sehemu ya hadithi ya Brazil inayomhusu zaidi mkulima wa hapa ni ile waliyoshindwa. Desemba 2004 nchi hiyo hiyo ilizindua mpango wa dizeli ya mimea, na safari hii ilitaka kuwainua wakulima wadogo wa kaskazini mashariki, eneo kame na maskini. Zao lililochaguliwa kwa ajili yao lilikuwa nyonyo, ambayo wengine huiita mbarika. Kampuni zilizonunua kwa wakulima wadogo zilipewa nafuu ya kodi na nembo maalumu. Matokeo yake? Mavuno yakawa madogo. Mafuta ya nyonyo ni mazito, hayafai kirahisi kuwa dizeli, na viwanda vya rangi, vilainishi na vipodozi viliyanunua kwa bei ambayo kiwanda cha dizeli kisingeweza kuifikia. Soya ya wakulima wakubwa ikachukua nafasi. Serikali ile ile na nia njema ile ile ilifaulu kwa zao lililofanyiwa utafiti kwa miongo, ikakwama kwa zao lililochaguliwa kwanza na kuchunguzwa baadaye.

Nyonyo hiyo sasa ipo Kenya. Mwaka 2022 kampuni ya Italia ya Eni ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu katika Kaunti ya Makueni, na Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta ikaelekea kiwanda cha Gela, Sicilia. Mwaka 2024 Shirika la Fedha la Kimataifa pamoja na mfuko wa tabianchi wa Italia walitangaza dola milioni 210 za kupanua mpango huo. Mwaka huo huo shirika la Ulaya la Transport & Environment lilitoa ripoti yenye malalamiko ya wakulima kuhusu mavuno haba na malipo madogo. Kampuni inasema mpango wake unawapa wakulima kipato na unatumia ardhi isiyofaa kwa chakula. Pengine wakati huu mambo yatakwenda vizuri. Mbegu za leo si za mwaka 2005, na mafuta hayo hayaendi tena moja kwa moja kwenye injini bali husafishwa kwanza kiwandani. Lakini maneno "ardhi isiyofaa kwa chakula" yanapaswa kumshtua mtu yeyote aliyekuwa na masikio mwaka 2006. Fedha za kupanua zimepatikana. Kinachostahili kuulizwa ni kiasi gani kinakwenda kwenye vipimo vya shambani ambavyo mkulima wa Makueni, au jirani yake wa Same ng'ambo ya mpaka, anaweza kuvisoma bila kuomba ruhusa ya mnunuzi.

Hapa ndipo hoja ya mfuko wa pamoja inapoingia. Tanzania haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ilianza kazi mwaka 2001 kule Lyamungu, Kilimanjaro, ikiongozwa na wadau wa zao lenyewe. Umoja wa Ulaya ulichangia sana miaka ya mwanzo, na wakulima walichangia kupitia makato madogo katika mauzo ya kahawa. Katika bodi waliketi watu wanaojua bei ya dawa ya kupulizia. Kazi waliyoisukuma ikawa ile iliyomuuma mkulima, yaani miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, na miche hiyo ikafika vijijini. TaCRI haikukosa matatizo ya fedha, lakini mkulima alijua anachochangia na aliona mche.

Kwa nishati ya usafirishaji, chungu kama hicho kinaweza kuchangiwa na wanaotumia mafuta, wanaoyauza na wanaotaka kununua mazao. Tanzania hutumia zaidi ya lita bilioni 3 za mafuta ya petroli na dizeli kwa mwaka. Shilingi moja tu katika kila lita ni zaidi ya shilingi bilioni 3. Mfuko wa barabara na ule wa nishati vijijini tayari huchangiwa kwa tozo za namna hiyo, kwa hiyo njia ya kukusanya ipo. Kampuni ya nje inayotaka kusainiana na wakulima ichangie kiasi kinacholingana na eneo inalotaka lipandwe, kabla ya kupata kibali.

Wapo watakaosema tozo zimetosha. Wana haki. Anayechukua bodaboda kwenda mnadani hatafurahi kusikia neno tozo kwa mara nyingine, hata ikiwa ni ya shilingi moja. Njia nyepesi ni kukata shilingi hiyo ndani ya tozo zilizopo badala ya kuongeza mpya. Wengine watahofu kuwa fedha zitaliwa na warsha na posho za vikao, hofu ambayo ina historia ndefu katika nchi hii na haiondolewi kwa maneno. Inaondolewa kwa kuweka kwenye kiti cha uamuzi mtu ambaye fedha ni yake: mwakilishi wa MVIWATA kwa upande wa wakulima, wa TATOA kwa wenye malori, wa TABOA kwa wenye mabasi. Watafiti wa TARI, Chuo Kikuu cha Sokoine, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam waje kuomba fedha mbele yao, na wapewe kwa awamu, kila awamu baada ya matokeo ya ile iliyotangulia.

Na mfuko usiolewe na mimea peke yake. Bajaji za umeme na pikipiki za betri zimeingia Dar es Salaam, Nairobi na Kigali, na magari yanayotumia gesi ya Songo Songo yamewapunguzia madereva gharama, ingawa misururu kwenye vituo vya gesi jijini Dar es Salaam imekuwa mirefu. Kwa mjini, huenda umeme na gesi vikamaliza kazi. Lakini nani amepima betri ya pikipiki ikiwa na magunia mawili ya mpunga kwenye barabara ya tope ya Malinyi? Nani amepima gharama ya kupeleka gesi hadi Kibaigwa, ambako malori ya mahindi hupakia? Hata molasi inahitaji hesabu mpya. Malawi imekuwa ikichanganya alkoholi ya molasi kwenye petroli tangu mwaka 1982 kutoka Dwangwa, wakati spiriti ya molasi ya Kilombero imekwenda zaidi kwenye vinywaji. Inawezekana chupa inalipa kuliko tangi la gari. Basi hesabu hiyo iwekwe wazi, ili mkulima wa miwa wa nje ya kiwanda ajue molasi yake ina thamani gani.

Sharti moja lisijadiliwe. Mkulima anayetoa robo ekari kwa majaribio alipwe kodi ya ardhi hiyo na ujira wa kazi yake kama fundi wa maabara anavyolipwa, zao likizaa au lisipozaa. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kata kwa Kiswahili: kilo kwa ekari kwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, saa za kuchuma, bei iliyolipwa, wadudu waliojitokeza. Wakala wa kampuni anapofika kijijini na mkataba, mwenyekiti wa kijiji awe na karatasi hiyo mkononi kabla mgeni hajafungua begi.

Bajeti ya serikali husomwa Juni, na maoni ya wadau kuhusu kodi na tozo hupokelewa miezi kadhaa kabla. Vyama vya wakulima na vya wasafirishaji huwa vinakwenda huko kila kimoja na barua yake, hiki kikilia na bei ya mbolea na kile kikilia na bei ya dizeli. Barua ya pamoja kuhusu shilingi hiyo moja ingekuwa ya kurasa mbili tu.